Karata ya Doria

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Abednego Mwikwabe ilikuwa kukataa samaki. Alisimama kwenye mlango wa kupokelea mizigo wa kiwanda kimoja cha minofu pale Musoma, amevaa gambuti nyeupe na koti jeupe, kipimajoto mkononi. Kila sangara aliyeshushwa kwenye gari alipita mbele yake kwanza. Alifunua matamvua akatazama rangi, akabonyeza mgongo kwa kidole gumba, akachoma kipimajoto, halafu akasema "ingia" au akasema "rudi." Waliomjua kazini wanasema hakuwahi kusema "ngoja."

Samaki walipopungua na wenye kiwanda wakafunga milango, alikuwa na miaka hamsini na mbili. Sasa ana hamsini na sita. Katika miaka hiyo minne amefuga kuku na kuwauza wote kwa siku moja. Amelima nyanya kwa dada yake kule Buswahili, akaondoka kabla hazijaiva. Amelinda ghala la mtu kwa wiki sita. Mvivu si mvivu, ila hawezi kukaa. Mkewe Rebeka, anayefundisha watoto wadogo kwenye shule ya awali ya kanisa, alikuwa akirudi mchana na kukuta kabati la vyombo limehamia ukuta mwingine.

"Baba Ghati," aliwahi kumuuliza, "hilo kabati limekukosea nini?"

"Lilikuwa linazuia mwanga."

"Juzi ulisema likikaa pale linaleta mwanga."

Kitu kilichomtuliza kidogo kililetwa na binti yao Ghati aliporudi likizo kutoka chuoni. Kilikuwa boksi dogo la karata linaloitwa Mwaloni, lililotengenezwa hapohapo mjini. Huu si mchezo wa karata zile za kawaida za kopa na shupaza. Kila mchezaji anaanza na karata kumi zinazofanana na za wenzake: saba za dagaa na tatu za nyavu zilizochanika. Kila zamu unachukua tano mkononi. Dagaa ndio wa kununulia karata nyingine zilizopangwa mezani, kama mtumbwi, karabai, injini, sato na sangara. Ulichonunua hukitumii hapohapo. Kinaingia kwenye rundo lako la karata zilizotumika, na rundo likichanganywa upya kinakurudia mkononi. Hivyo kila mtu anajijengea rundo lake taratibu. Zile nyavu zilizochanika nazo zinarudi, zinajaza mkono na hazinunui kitu. Sangara wote wakiisha mezani, watu wanahesabu pointi.

Abednego alicheza na bintiye jioni tatu mfululizo. Siku ya nne aligundua kwamba karata mbili za injini, zenye picha ileile, zilikuwa na bei tofauti. Akavaa viatu akaenda kwa miguu kutoka Nyasho hadi mjini kumtafuta aliyeutengeneza.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Samia, mwenye duka la kuchapa kadi za harusi, mihuri na fulana. Babu yake alikuja Musoma kutoka Tabora akiuza vitambaa, na ukoo ukabaki mjini katika biashara na ufundi, isipokuwa baba yake aliyekwenda ziwani kuvua. Samia alizitazama zile karata mbili, akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari. Hakujitetea. Jambo hilo Abednego alilipenda.

Miezi mitano baadaye, siku ya Alhamisi, simu yake ililia.

Alipofika dukani Samia alimpa kiti. Alikaa, akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja haraka, nilidhani kuna tatizo."

"Tatizo utanitafutia wewe." Samia aliweka mezani karata arobaini zilizokatwa kwa mkasi na kufungwa kwa mpira. "Nimetengeneza nyongeza ya Mwaloni. Hii haichezwi peke yake, unaichanganya na lile boksi la kwanza. Aina nane, tano tano. Nataka uicheze mpaka uichoke, halafu uniambie."

"Nikuambie ni nzuri au mbaya?"

"Wa kuniambia ni nzuri ninao, ndugu zangu wote. Mimi nataka kujua mtu ambaye tayari ana boksi la kwanza anaongezewa nini. Kama haongezewi kitu, bora niache. Ijumaa ijayo faili linatakiwa Mwanza likachapwe."

Abednego alizichukua zile karata pamoja na karatasi ya sheria iliyochapwa pande mbili. Aliisoma upande wa mbele akiwa bado amesimama mlangoni, akaona mchezo ni uleule anaoujua, akaikunja akaitia mfukoni. Njiani alikuwa anatembea kama mtu aliyechelewa zamu.

Siku hiyohiyo alichora fomu. Aliitengeneza kama zile za kiwandani: tarehe, wachezaji, nani alinunua nini, nani alishinda, maoni. Ijumaa na Jumamosi alicheza na Rebeka. Michezo ya watu wawili ilikwenda pole, na karata mpya nyingi zilikaa mezani bila kununuliwa. Rebeka alicheza saba, ya nane akakataa.

"Nina nguo za kufua. Halafu wewe ukisubiri zamu yako unazungukazunguka, unanipa kizunguzungu."

Jumapili baada ya misa alipanda gari kwenda Bunda. Pale Manyamanyama kulikuwa na kinyozi anayeitwa Pazi, shemeji wa mfanyakazi mwenzake wa zamani. Ndani ya kibanda chake watu walikuwa wakicheza karata mchana kutwa wakisubiri kunyolewa. Mlango wa pili kulikuwa na fundi cherehani, Twalha, mtu mpole mwenye sauti ya chini, ambaye akicheza anashikilia karata zake karibu kabisa na kifua. Abednego alikaa nao siku tatu. Waliweka ubao juu ya ndoo mbili, na kila mteja aliyekubali kucheza aliingizwa kwenye fomu.

Karata ya Doria ndiyo iliyomsumbua tangu siku ya kwanza. Ilikuwa na picha ya moshi mweusi ukipanda ufukweni na watu wachache wamesimama mbali wakitazama. Chini iliandikwa: *Kila mwenzako atupe karata zake mbili bora za mkononi. Kisha karata hii inatoka.*

Aliyenunua Doria aliicheza, wenzake wakatupa mbili mbili, naye akaitoa mkononi na kuiweka kwenye rundo lake la zilizotumika. Rundo lilipochanganywa, Doria ikarudi. Aliyenunua mbili alipiga wenzake karibu kila mzunguko. Jumatatu mchana Twalha alipigwa mara nne mfululizo. Kila mara alibaki na karata tatu, na katika hizo, mbili ni nyavu zilizochanika. Alizilaza mezani taratibu, zikitazama juu.

"Mimi sasa nacheza au natazama?" aliuliza.

Pazi alicheka, kwa sababu Doria mbili zilikuwa zake. Abednego hakucheka. Aliandika maneno ya Twalha kama yalivyo kwenye sehemu ya maoni, akasimama, akaenda mpaka barabarani, akarudi.  Alikuwa amekamata kosa.

Mpaka Jumanne jioni alikuwa na michezo ishirini na sita ya watu watatu na wanne. Mwenye Doria alishinda ishirini na moja.

Jumatano asubuhi alikuwa dukani kabla Samia hajamaliza kufagia. Alimpa fomu zote, na juu yazo ukurasa mmoja alioandika kwa herufi kubwa: karata saba zipite, karata ya Doria ikataliwe. Samia aliweka ufagio pembeni akasoma akiwa amesimama.

"Michezo yote hii umecheza mwenyewe?"

"Yote nilikuwepo. Inaua mchezo hii. Anayepigwa hana la kufanya, anakaa tu kama mgeni msibani."

Samia alivuta ile karata akaitazama kwa muda.

"Hii picha nilichora mimi," alisema. "Huu ni ufukwe wa Guta. Nilikuwa na miaka tisa. Doria wa uvuvi walikuja wakakusanya nyavu za watu zote, zilizokatazwa na zisizokatazwa, wakachoma. Za baba zilikuwemo. Mpaka anakufa, mwaka juzi, alikuwaga anaisimulia ile siku, kwamba watu wazima wamesimama mikono mitupu, hakuna anayejua aende wapi. Nilitaka anayecheza aonje kile kitu. Mara moja tu, halafu maisha yaendelee."

Abednego alisikia, lakini alikuwa anawaza mstari unaofuata wa ripoti yake.

"Pole kwa baba," alisema. "Ila karata haifai."

"Basi naitoa." Samia alisema bila kuinua sauti. "Nilikuita uniambie, umeniambia. Asante mzee."

Angepaswa kurudi nyumbani mwepesi. Badala yake alizunguka mjini bila shughuli, akaenda Mwigobero akatazama dagaa wanaoshushwa, akaulizia bei ya kitu asichokitaka. Nyumbani alimwambia Rebeka kazi imekwisha na imekwisha vizuri, halafu akaanza kulitazama kabati. Rebeka akamwambia, kwa upole, aende Buswahili kesho akamsaidie dada yake kupalilia mihogo.

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa amefika kwa Wankyo. Huyu ni dada yake mkubwa, mjane wa miaka sitini na nne. Ndiye msomaji wa masomo kwenye kigango chao, na hasomi kitu nusu. Dawa akinunua anasoma maelezo mpaka jina la kiwanda. Walipalilia mpaka jua lilipokuwa kali, wakaenda kukaa kivulini nyuma ya jiko. Abednego, kwa kukosa cha kufanya na mikono, akatoa karata. Zile za kukatwa kwa mkasi alikuwa bado nazo.

"Nikufundishe," alisema. "Ni rahisi tu."

"Lete kwanza hiyo karatasi yake."

"Dada, nitakuelekeza mimi."

"Lete karatasi, Abed."

Akaitoa mfukoni ikiwa imekunjamana. Wankyo akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ileile ya kanisani, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alimaliza upande wa mbele, akageuza. Abednego alikuwa anapanga karata, akimsikiliza kwa sikio moja.

"'Maana ya maneno,'" Wankyo alisoma. "'Atupe: aiweke kwenye rundo lake la zilizotumika. Inatoka: inarudi kwenye boksi, na haitumiki tena mpaka mchezo uishe.'"

Mkono wa Abednego ulisimama.

"Soma tena hapo."

Wankyo akasoma tena.

"Tena."

"Abed, mimi si redio. Soma mwenyewe."

Alisoma mwenyewe. Kisha akanyanyuka, akaenda mpaka zizini, akashika ugo, akarudi, akaenda tena. Michezo ishirini na sita. Katika yote karata ya Doria ilirudi na kurudi na kurudi, na haikutakiwa kurudi hata mara moja. Halikuwa kosa la karata wala la Samia. Yeye ndiye hakugeuza karatasi.

"Nini?" Wankyo aliuliza.

"Tucheze kwanza."

Walicheza kwa sheria ilivyoandikwa. Wankyo alinunua Doria moja. Kwa kuwa ataitumia mara moja tu, aliivumilia, akaipitisha mizunguko miwili, akaishusha Abednego alipokuwa ameshika injini na karabai tayari kununua sangara wawili. Ilimuuma kweli. Alibaki na karata tatu zisizo na maana, akamtazama dada yake akiirudisha ile karata kwenye boksi. Halafu zamu ikaja tena, mkono ukajaa, akaendelea, na mwisho akashindwa kwa pointi moja. Katika michezo yote aliyocheza wiki ile, huo ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

"Nimemwambia mtu atupe kitu chake kizuri," alisema. "Kwa kosa langu."

"Si utamwambia umekosea?"

Abednego alianza mbali. 

"Kulikuwa na mtu anaitwa Keraryo, anakusanya samaki Guta, anatuletea kiwandani. Mwaka wangu wa tisa alileta gari zima. Kipimajoto kikasoma juu, nikamwambia rudi. Aliniomba sana yule mtu, alikuwa anashika barafu anaonyesha. Nikamwambia rudi. Wiki iliyofuata nikagundua kipimajoto changu kinazidisha, digrii tatu. Nilikiweka kwenye droo nikachukua kingine. Sikumwambia mtu, hata Mama Ghati. Keraryo hakuja tena. Wakasema ameuza gari amehamia Ukerewe."

Wankyo alivua miwani akaifuta kwa kanga.

"Huyo wa Ukerewe hujui alipo," alisema. "Huyu wa Musoma unajua."

Abednego alipiga simu ya Samia, haikupatikana. Akapiga namba ya duka. Alipokea Safina, mdogo wake Samia.

"Dada ameondoka saa tano hii, mzee. Ameona alipeleke faili Mwanza yeye mwenyewe, maana amelibadilisha. Simu ilikuwa imezima, ameichaji kidogo tu, sijui kama ameiwasha."

Saa tano na dakika ishirini. Gari la kutoka Musoma kwenda Mwanza lazima lipite Bunda. Abednego alikuwa Buswahili, na kati yake na Bunda kulikuwa na njia ya vumbi mpaka Butiama, kisha lami. Hakuaga vizuri. Alimkimbilia jirani mwenye pikipiki, akapanda, na kabla hajashika vizuri alikuwa ameshampigia Pazi.

"Pazi, nenda stendi. Gari la Musoma la saa tano, kuna mwanamke anaitwa Samia, ana bahasha na flashi. Mwambie ashuke."

"Nina mtu kwenye kiti."

"Mwache."

"Nimemnyoa upande mmoja, mzee."

"Pazi, nakuomba. Mwambie ripoti ya Abednego si kweli."

Simu ikakatika, hakujua kama Pazi amesikia maneno ya mwisho. Njia nzima hakutulia. Alimwambia kijana wa pikipiki aongeze mwendo, mwendo ulipoongezeka akamwambia apunguze. Walipofika Butiama alishuka kabla pikipiki haijasimama, akapata gari dogo linaloelekea Bunda, na kila lilipopunguza mwendo kupakia mtu aliangalia saa ya simu yake. Alikuwa anatunga maneno ya kusema. Aliyatunga marefu, yenye sababu ndani yake: uchapaji hafifu, herufi ndogo, haraka aliyopewa. Karibu na Bunda aliyaacha yote.

Samia alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja pale Manyamanyama, bahasha mapajani, uso ameukunja. Pembeni yake alikaa mwanamume mwenye nywele upande mmoja, ametulia kama aliyekubali yaliyompata. Twalha alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni; alipomwona Abednego amefika akarudi kwenye cherehani yake. Gari lilikuwa limeshaondoka.

"Mzee, nimeshushwa njiani na mtu mwenye wembe mkononi," Samia alisema. "Nieleze."

"Nimekosea," Abednego alisema. Alibaki amesimama, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Sikusoma upande wa pili wa karatasi, mpaka leo dada yangu aliponisomea. Doria nimeirudisha kwenye rundo michezo yote ishirini na sita. Ripoti niliyokupa haina maana. Karata yako ni nzima."

 Yule mteja aliacha kujigusa kichwa.

"Jana nimeitoa picha ya baba kwenye faili," Samia alisema. "Nimeweka mnada wa ng'ombe badala yake. Nimechora saa nane nzima."

"Najua."

"Hujui. Unajua nilichowaza? Niliwaza kumbe ile siku haina maana kwa mtu mwingine yeyote, ni ya kwetu tu."

Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi Abednego hakutembea. Alisimama palepale. Samia alitazama nje, akaitazama bahasha, akapumua.

"Ile ya mwanzo ninayo kwenye flashi," alisema mwishowe. "Mimi sifutagi kitu."

Pazi akamwendea mteja wake kumalizia ule upande wa pili. Samia akavuta ubao, akauweka juu ya ndoo, akazitaka karata. Alitafuta Doria akaisoma kwa sauti.

"'Kisha karata hii inatoka.' Mzee, wewe umesoma fomu na lebo miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Umesoma hapa ukaona inatoka mkononi."

"Nimeona hivyo."

"Na Pazi?"

"Hivyohivyo," Pazi alisema nyuma ya mashine. "Sikuona nyingine."

"Basi aliyekosea si wewe peke yako. Nimeandika vibaya. Watu watalipeleka hili boksi Dodoma, watalipeleka Arusha, na hakuna atakayegeuza karatasi. Watanitukana kwa karata ambayo sikuitengeneza."

Walikaa kuandika upya. Maneno mafupi yalileta shida ileile, marefu hayakuenea chini ya picha. Abednego alitaka iwepo namba ya sheria, Samia akakataa, hii si fomu ya kiwanda. Mwishowe Samia aliandika kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha karatasi, akakibandika kwenye karata: *Kisha irudishe kwenye boksi. Haitumiki tena.* Wakamwita Twalha, wakampa bila kumweleza chochote, na karatasi ya sheria Abednego akaikalia. Twalha alicheza zamu zake, akainunua Doria, ikamfikia mkononi, akaisoma huku midomo ikicheza, akawafanya wenzake watupe mbili mbili. Halafu akanyoosha mkono akaidondosha kwenye boksi.

Walicheza michezo minne siku hiyo, mpaka gari la saa kumi lilipokaribia. Wateja waliokuja kunyolewa waliingizwa mchezoni. Washindi walikuwa wanne tofauti. Katika mchezo wa tatu Samia alipigwa na Doria ya Pazi. Alibaki na karata tatu mkononi na kuzitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, wala hakuna aliyemharakisha.

"Sasa niambie," alisema akikusanya vitu vyake. "Umeicheza na mkeo, umeicheza hapa, umeicheza na dada yako. Mtu mwenye boksi la kwanza, anunue au asinunue?"

Abednego alijua kwamba baada ya yale aliyomfanyia, rahisi ilikuwa kumwambia anunue.

"Anayecheza na watu watatu au wanne, anunue. Anaongezewa kitu: kuna kuviziana ambako mwanzo hakukuwepo, na nyavu zile mbovu zinapata njia ya kutoka. Wa watu wawili asinunue. Doria itamfaa, lakini karata tano katika nane hazimsaidii, anapoteza wakati. Na ule Mzani ni karata dhaifu, hakuna aliyeununua ila kwa kukosa kingine."

"Mzani naupenda."

"Ni dhaifu."

"Nitaupunguza bei, utabaki," Samia alisema. "Na juu ya boksi nitaandika watu watatu hadi wanne. Dukani watanilalamikia, wateja wengi ni mke na mume."

"Watalalamika."

"Ndiyo hivyo." Akaingia kwenye gari.

Nyongeza ilitoka miezi miwili baadaye, na juu ya boksi imeandikwa watu watatu hadi wanne. Inauzwa taratibu kuliko lile la kwanza, ila anayeinunua harudishi. Ghati anasema chuoni kwao kuna kikundi kinachocheza kila Jumamosi na kwamba Doria imegombanisha wapenzi wawili.

Mwezi huohuo Abednego alikwenda Guta. Aliuliza ufukweni kwa siku mbili mpaka akapata namba ya simu ya Keraryo. Aliipiga mara mbili bila kupokelewa. Ya tatu ikapokelewa na sauti ya mtu mzima, akajitaja, akaeleza habari ya kipimajoto kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika.

"Nilijua samaki wangu walikuwa wazima," Keraryo alisema.  Halafu akauliza kama pale Musoma mvua zimeanza, nao wakaongea habari za mvua kidogo, wakaagana.

Rebeka alimkuta nje ameketi kwenye kigoda, simu mkononi. Alimuuliza kuna nini, akamweleza yote, hata sehemu ya droo. Rebeka alikaa karibu naye akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kuna mtu amekuja kutoka dukani kwa Samia ameacha bahasha mezani, ndani mna karata nyingine, safari hii za mchezo wa ng'ombe. Abednego akaingia ndani, akaifungua bahasha, akaitafuta kwanza karatasi ya sheria, akaanza kuisoma huku anazunguka meza.